Kwa Wanaoanza Kuchunguza Mafuta ya Uboho

Wengi wetu tuliingia katika fani ya mifupa tukiyachukulia mafuta ya uboho kuwa kitu cha kujaza nafasi tu. Katika slaidi zangu za kwanza za hadubini nilikuta matundu meupe ya duara, nikayapita nikitafuta seli nilizodhani ndizo za maana, na ilinichukua muda kutambua kwamba kila tundu lilikuwa makao ya seli ya mafuta, ambayo mafuta yake yaliyeyushwa na kemikali za alkoholi na zailini wakati wa kuandaa sampuli. Kwa hiyo, kabla hamjahesabu chochote, ulizeni sampuli iliandaliwaje.

Seli ya mafuta ya uboho na seli inayojenga mfupa hutokana na seli shina za aina moja, yaani seli changa ambazo bado hazijachagua kazi. Protini ya PPAR-gama ikitawala, seli shina huelekea kwenye mafuta. Protini nyingine, RUNX2, ikitawala, huelekea kwenye ujenzi wa mfupa. Uzee, upungufu wa homoni ya estrojeni baada ya hedhi kukoma, na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi huelemeza mizani upande wa mafuta, na ndiyo maana uboho wenye mafuta mengi hukutwa mara kwa mara ndani ya mfupa uliodhoofika.

Hata hivyo, msikimbilie kusema kwamba mafuta ndiyo yaliyouharibu mfupa huo. Panya wa maabara wa ukoo wa C3H wana mafuta mengi ya uboho kuliko wale wa C57BL/6, na bado mifupa yao ina madini mengi zaidi. Wala msiyapime kwa kanuni za mafuta ya chini ya ngozi: mgonjwa wa anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula, hupoteza akiba ya mafuta karibu mwili mzima, ilhali mafuta ya uboho wake huongezeka na mifupa yake hudhoofika. Jambo hili hunishangaza hadi leo, kwa kuwa mwili wenye njaa ungetarajiwa kuyatumia kwanza.

Zaidi ya yote, andikeni daima ni sehemu gani ya mfupa mliyopima. Katika muundi wa panya, mafuta ya upande wa kifundo cha mguu hujitokeza mapema na hubadilika kidogo, lakini yale ya upande wa goti huitikia umri, lishe na mazoezi. Ukichukua wastani wa muundi mzima, badiliko ulilolitafuta kwa miezi kadhaa linaweza kufunikwa kabisa.