Sensa inaonyesha wati, mbona ukurasa wa nishati hauioni?

SWALI: Nimefunga sensa ya kubana (kihisi cha kupima umeme) kwenye waya mkuu wa umeme, wati naziona laivu kwenye Home Assistant, ile programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, ila nikitaka kuichagua kwenye ukurasa wa nishati haipo kabisa. Na maji je, yanaingia humo humo?

JIBU: Sensa yako nzima tu. Wati ni kasi ya sasa hivi, ukurasa ule unataka jumla, yaani kilowati-saa zinazojilimbikiza. Birika la wati 2,000 likiwaka dakika 3 linakula kilowati-saa 0.1, na hesabu hiyo lazima kitu kiifanye, kwa hiyo ingia mipangilio utengeneze sensa saidizi ya kujumlisha, ichukue zile wati, chagua kipimo cha kilo na muda wa saa ili upate kilowati-saa, halafu uwe mpole maana data haitokei papo hapo. Sola ipe sensa yake, usiichanganye na ya gridi, utavuruga kila kitu.

Maji yanaingia, sehemu yake ipo tangu 2022. Tafuta mita ya kutoa palsi, yaani ishara fupi ya umeme kila kiasi fulani cha maji kinapopita, na lita za kila palsi huwa zimeandikwa kwenye mita yenyewe, soma pale usibahatishe. Ukikuta namba inapanda usiku mmelala wote, maji yanavuja mahali, anza na tenki la choo.