Vidoli vitatu vilivyobaki: acha kununua pakiti, tafuta wa kubadilishana naye

Ndugu mzazi wa Iringa, umeuliza kama uendelee kumnunulia binti yako pakiti za vidoli vya LEGO, zile zinazofungwa mnunuzi asione kilichomo, kwa kuwa ameshapata vidoli 9 kati ya 12 vya toleo analolikusanya, na pakiti za karibuni zimekuwa zikimletea vilevile alivyonavyo. Nimekusanya vidoli hivi hapa Mbeya kwa miaka mingi, na jibu langu ni kwamba usimamishe ununuzi sasa hivi, wala si baada ya pakiti mbili tatu za kujaribu tena. Vitatu vilivyobaki vitafutwe kwa kubadilishana.

Naomba nieleze hesabu yake, kwa sababu ndiyo inayowachanganya wazazi wengi. Tuchukulie kwamba kila kidoli kina nafasi sawa ya kuwemo ndani ya pakiti unayoinunua. Mwanzoni kila pakiti ilileta kitu kipya, au karibu kila pakiti, na mtoto akazoea furaha hiyo. Kwa wastani, vidoli 9 vya kwanza huhitaji pakiti 15 hivi. Sasa amebakiza vitatu, maana yake ni kwamba katika kila pakiti 12 ni tatu tu zenye kitu asichonacho, hivyo kidoli cha kumi kitahitaji wastani wa pakiti 4, cha kumi na moja pakiti 6, na cha mwisho peke yake pakiti 12. Jumla ni pakiti 22 kwa ajili ya vidoli vitatu, yaani nyingi kuliko zote alizohitaji kufikia hapo alipo. Na huo ni wastani tu; wapo watakaovuka idadi hiyo kwa mbali. Binti yako hana mkosi wowote, na ni vema aambiwe hivyo, kwa sababu nimeona watoto wakiamini kwamba wana bahati mbaya wakati mambo yanakwenda jinsi yanavyokwenda kwa kila mtu.

Zamani palikuwa na njia ya kupunguza kubahatisha. Toleo la kwanza, lililotoka mwaka 2010 likiwa na vidoli 16, liliuzwa katika pakiti laini, na mwenye subira aliweza kusimama dukani akipapasa kwa ncha za vidole mpaka aguse mpini wa sepetu ya kidoli cha zombi, yaani maiti anayetembea, au ubao wa kuteleza wenye magurudumu. Tangu mwaka 2023 vidoli hivi hutoka katika viboksi vya karatasi ngumu, na kupapasa hakusaidii tena. Kutikisa nako si kipimo, maana kila kiboksi hulia.

Sasa tazama jambo ambalo wengi hawalijui. Katoni kamili ya matoleo ya miaka hii ina pakiti 36, na hupangwa kiwandani ili itoe seti tatu kamili za vidoli 12. Mtu anayenunua mojamoja kutoka huku na huku huhitaji wastani wa pakiti 37 ili akamilishe seti moja tu, ilhali familia tatu zikichangia katoni moja, kila mtoto anapata seti nzima na hakuna kinachobaki. Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu pakiti nyingi zinazotufikia zimebebwa moja moja katika begi la ndugu anayesafiri, zikatolewa kwenye katoni ambazo wengine wamekwisha kuchagua. Mpangilio wa kiwandani unakuwa umevurugika zamani. Kwa hiyo toleo lijalo likitoka, tafuteni familia mbili nyingine kabla hamjanunua hata pakiti moja, na muagize katoni ambayo haijafunguliwa.

Turudi kwa vitatu vya binti yako. Sisi wakusanyaji wachache wa Mbeya hukutana Jumapili alasiri, mara nyingi nyumbani kwa mmoja wetu katika mtaa wa Forest, na kanuni yetu ni kidoli kwa kidoli, bila nyongeza ya fedha. Anayechagua ni mtoto mwenyewe. Mzazi anakaa pembeni. Kabla ya kukubali, kidoli huvuliwa nywele au kofia, vifaa vyake vya mkononi hulinganishwa na kile kikaratasi cha picha kilichokuja ndani ya pakiti, kisha mkono wake huinuliwa juu, kifua kikaelekezwa kwenye mwanga wa dirisha. Ufa wa kiwiliwili huanzia chini ya kwapa, mwembamba kama unywele, na usipoutafuta hapo hutauona mpaka mkono uanze kulegea. Juu ya kichwa, kwenye kile kichomozo cha duara, lazima pawe na jina LEGO kwa herufi ndogo zilizochongwa. Vidoli vya kuiga vinavyouzwa masokoni kwetu havina jina hilo. Sina ugomvi na mtoto anayevichezea, ila visiingizwe kwenye meza ya kubadilishana, maana mwenzako ametoa cha kweli.

Umegusia pia kwamba binti ameanza kuulizia Labubu, vidoli vya manyoya vya kampuni ya Pop Mart ambavyo navyo huuzwa mnunuzi asione kilichomo, hasa wale wa siri, yaani wa nadra walio nje ya seti ya kawaida. Hapo ninakusihi uwe mwangalifu zaidi. Katika matoleo mengi ya Labubu nafasi ya kumpata wa siri ni 1 katika 72, na hata mtu akinunua mara 72 bado kuna uwezekano wa takriban asilimia 37 kwamba hatampata. Mwambie mapema kwamba seti imekamilika bila huyo wa siri. China kwenyewe, nyumbani kwa kampuni hiyo, mwongozo wa serikali wa mwaka 2023 ulikataza kuwauzia watoto walio chini ya miaka 8 bidhaa za kubahatisha za namna hii, na kwa wakubwa kidogo ukataka mlezi aridhie kwanza. Mimi nauona kuwa mwongozo wa busara, na nyumbani kwangu ndio ninaoufuata.

Ukikubali, andika hapa majina ya vitatu anavyovitafuta na orodha ya vile vilivyojirudia, kisha nitavitafuta kwa wenzangu. Kutuma si kazi: basi la asubuhi kutoka Mbeya hupita Makambako na Mafinga na kufika Ipogolo, hapo Iringa, siku hiyohiyo. Kidoli kivuliwe nywele na vifaa, kila kimoja kifungwe kwa karatasi laini, vyote vikae ndani ya kopo dogo lenye kifuniko, wala si bahasha, kwa sababu mizigo ya watu hulaliana. Nawe utume vya kwako kwa basi la kurudi, baada ya binti kuvikagua vyetu na kuridhika navyo.