"Yatang'oka tu": barua za wazazi kuhusu meno ya watoto

Ukurasa huu hupokea maswali ya kila aina kuhusu kinywa, lakini safari hii nimechagua barua za wanaolea watoto wadogo tu. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: mimi ni tabibu wa meno mstaafu, nimefanya kazi Mwanza mjini na visiwani, na baadhi yenu niliwang'oa meno mkiwa shule ya msingi. Leo mnaniandikia kuhusu watoto wenu.

Habari za kazi, Daktari. Nakaa Igoma na mjukuu wangu wa miaka mitatu. Mama yake yuko kiwanda cha minofu ya samaki, zamu ya usiku, kwa hiyo kulala analala na mimi. Hasinzii bila chupa yake ya chai ya maziwa. Meno manne ya mbele, juu, yameliwa yamebaki vishina vyeusi, na sasa gego moja linamliza usiku. Mama yake anataka tumpeleke hospitali. Mimi nasema hayo ni ya utoto, yatang'oka tu, tusimtese mtoto. Nani yuko sahihi? – Bibi wa Igoma

Shikamoo Bibi. Binti yako yuko sahihi, na naomba mwende wiki hii, msisubiri mshahara.

Ni kweli meno ya utoto yanang'oka, ila hayang'oki yote siku moja. Ya mbele huanza kuachia mtoto akiwa na miaka 6 au 7. Magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10, mengine mpaka 12. Piga hesabu: gego linalomliza mjukuu wako leo lilitakiwa kutafuna naye mpaka amalizie shule ya msingi. Tena kazi yake si kutafuna tu. Linamshikia nafasi jino la ukubwani, kama abiria anayemwekea mwenzake siti kwenye daladala. Akishuka mapema, waliokaa pembeni wanajisogeza, na mwenye siti akija anabanwa. Ndiyo yale meno unayoyaona yamepandiana. Na likiachwa lioze mpaka mzizini, usaha unafika palepale jino la ukubwani linapoumbwa, nalo huweza kuota likiwa na madoa na kasoro.

Hapo sijasema habari ya kula. Mtoto mwenye gego bovu hutafuna upande mmoja, baadaye anaukataa ugali, anataka vitu laini. Na vitu laini vya nyumbani kwetu ni vipi? Uji wenye sukari na chai. Basi anashibishwa na kilekile kilichomwozesha.

Hata usingeitaja chupa ningeijua. Mtoto anaponyonya chupa, ulimi huyafunika meno ya mbele ya chini, na mate nayo hukusanyika huko chini. Yale manne ya juu ndiyo yanayoogeshwa chai. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo hulimung'unya jino. Mchana mate hupunguza makali yake na kulirudishia jino madini kidogo kidogo. Mtoto akilala, mate hupungua sana, na chai iliyobaki kwenye meno haina wa kuiondoa. Ndiyo maana sukari ya kitandani ni mbaya kuliko sukari ileile ikinywewa mezani pamoja na chakula. Hata dawa nyingi za maji za kikohozi zina sukari. Mpe kabla ya mswaki, si baada.

Sikugombezi, Bibi. Mtoto anayemlilia mama yake usiku lazima apewe kitu, na wewe nawe unataka ulale. Chai mpe kwenye kikombe wakati wa chakula cha jioni kama hamuwezi kuiacha, ingawa kwa umri wake majani ya chai yanazuia mwili kupata madini ya chuma ya kwenye chakula, hivyo mkiiacha kabisa nitafurahi. Chupa ya kulalia usiinyang'anye ghafla. Kila baada ya siku mbili tatu punguza sukari, kisha ongeza maji, mpaka yabaki maji matupu. Atalia kidogo. Halafu utashangaa: siku moja ataisahau mwenyewe.

Mswaki unaushika wewe. Nikisema hivi wazazi wengi hunitazama, maana wamezoea kumwambia mtoto "kapige mswaki" na kuendelea na shughuli zao. Mtoto wa miaka mitatu akiachiwa mswaki hunyonya dawa, akasugua meno mawili ya mbele, akakuletea mdomo wenye povu. Mikono yake haijaweza kazi hiyo mpaka afike miaka 7 au 8. Kaa kwenye kigoda, mlaze kichwa chake mapajani pako akitazama juu, inua mdomo kwa kidole, sugua taratibu pale jino linapokutana na fizi, nje na ndani, kisha juu ya magego. Mswaki uwe mdogo wenye nyuzi laini. Asubuhi mara moja, na usiku baada ya kitu cha mwisho kuliwa. Ule wa usiku usikose kabisa. Mswaki wa mti ni mzuri kwako wewe uliyeuzoea, lakini kwa mtoto ni vigumu kuyafikia magego ya nyuma. Umeme ukikatika, tochi ya simu inatosha.

Na tochi hiyohiyo itumieni kila mwezi kukagua watoto wengine wa nyumba hiyo. Inua mdomo wa juu, tazama karibu na fizi. Ukiona mstari mweupe usiong'aa, wa chaki chaki, hapo kuoza kumeanza lakini jino bado halijatoboka, na dawa ya mswaki yenye floraidi, madini yanayolikinga jino lisioze, pamoja na kupunguza sukari vinaweza kulirudisha. Likishakuwa kahawia na tundu, halirudi.

Hospitalini huenda wakaliziba gego au wakaling'oa, inategemea limefika wapi. Vile vishina vya mbele, kama havina usaha wala maumivu, huenda wakaviacha. Kwa utaratibu wa serikali mtoto wa chini ya miaka 5 hatozwi malipo kwenye vituo vya umma, hivyo beba kadi yake ya kliniki. (Beba na pesa kidogo pia, maana dawa wakati mwingine unaandikiwa ukanunue nje.) Kabla ya kwenda, mpe paracetamol ya watoto kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini usimpe. Kwenye tundu usiweke tumbaku wala maji ya betri. Vitaunguza fizi na shavu, na jino litabaki limeoza.

Mama yake akirudi alfajiri, mswaki wa asubuhi uwe wake. Barua yako haikumtaja baba. Kama yupo, mpeni naye zamu.

Mimi ni mvuvi, niko Ukerewe. Mtoto wetu ana miezi sita, anaharisha siku ya tatu sasa na homa juu. Fizi zimevimba pale pa chonge, zina weupe. Majirani wanasema ni meno ya plastiki, na kuna mama hapa mwaloni anayatoa kwa spoku ya baiskeli. Mke wangu ameshakubali. Mimi nasita. – Baba wa mtoto mmoja

Barua hii ilikuja na namba ya simu, kwa hiyo baba huyu nilimpigia palepale. Jibu naliandika hapa kwa ajili ya wengine walioko kwenye mialo na makambi.

Baba, meno ya plastiki hayapo. Wala ya nailoni hayapo. Anachokitoa yule mama ni chonge ya utoto ambayo bado inaumbwa ndani ya fizi. Ni laini na nyeupe kwa sababu haijakomaa, ndiyo maana akikuwekea kiganjani unaamini umeona plastiki. Ingeachwa, ingetoka yenyewe mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi.

Mbona kuhara kunakuja wakati huohuo? Kwa sababu miezi 6 ni umri ambao kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama imepungua, uji umeanza, na mtoto ameanza kujiburuza na kutia kila kitu mdomoni. Huko kisiwani maji yanachotwa palepale tunapofulia na kuoshea samaki. Yasipochemshwa au kutiwa dawa, mtoto ataharisha, awe na jino au asiwe nalo. Kuhara kwa watoto mara nyingi hukoma baada ya siku kadhaa, na kukikoma baada ya spoku, sifa anapewa mwenye spoku.

Sasa tazama gharama yake. Mtoto aliyekaukiwa na maji anatobolewa fizi na kupoteza damu. Spoku iliyopita kwa mtoto mwingine asubuhi inaweza kuleta pepopunda, damu kuingiwa na vijidudu, hata virusi vya UKIMWI. Wapo watoto waliokufa kwa jambo hili. Anayepona naye huweza kulipa baadaye, kwa sababu mbegu ya chonge ya ukubwani iko karibu na ile ya utoto. Nimewapokea wasichana wa sekondari wanaocheka wakiziba mdomo. Nikipapasa pale pa chonge, hakuna kitu, au kuna jino lililopinda lenye mashimo. Nikiuliza, mama anakumbuka: ndiyo, alitolewa plastiki akiwa mchanga.

Cha kufanya ni hiki. Mama azidishe kunyonyesha. Pakiti moja ya chumvi chumvi ya kuhara, ile ya ORS, ikorogwe kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, mtoto anyweshwe kidogo kidogo kwa kijiko kila anapoharisha, na yasiyokwisha ndani ya saa 24 yamwagwe. Kituoni ataandikiwa na vidonge vya zinki. Vitolewe kwa siku zote 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Homa ikiwa juu hivyo, asibaki nyumbani. Na ukiona macho yamedidimia, analegea, anashindwa kunyonya, anatapika kila kitu au choo kina damu, hiyo si ya kusubiri kuche. Panda chombo cha kwanza kinachoelekea kituo cha afya au hospitali ya Nansio.

Mkeo usimwite mjinga. Ana hofu, na waliomzunguka wote wanasema jambo moja. Wewe uliyesita ndiye umbebe mtoto, umwambie muuguzi atazame hizo fizi mbele ya mkeo, aseme mwenyewe.

Nimekulia Arusha, meno yangu ni ya kahawia kwa sababu ya maji. Sasa niko Nyegezi na binti yangu ana miaka miwili. Naogopa dawa ya mswaki yenye floraidi isimpe meno kama yangu. Kuna ya watoto isiyo nayo kabisa, ninunue? – Mama wa Nyegezi

Usinunue, dada. Meno yako yalipata rangi hiyo yakiwa bado yanaumbwa ndani ya taya, kwa sababu ulikunywa floraidi nyingi kila siku miaka yote ya utoto. Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani, na ziwa halina floraidi ya kutisha. Kiasi kidogo cha dawa kinachosuguliwa kwenye meno kinayakinga yasioze. Kwa umri wake weka ukubwa wa punje ya mchele. Akifika miaka mitatu, ukubwa wa punje ya mbaazi. Kwenye boksi tafuta namba isiyopungua 1000 karibu na herufi ppm, ndicho kipimo cha floraidi. Ateme povu, asisukutue na maji mengi. Na iweke juu asipoifikia, hasa kama ni ile yenye ladha ya matunda, kwa sababu ataila.

Nikuulize mimi swali: kwenye maharage na mlenda unatia magadi? Kuna magadi yenye floraidi nyingi sana, na watu wanachunguza dawa ya mswaki wakaisahau sufuria. Mtoto mpikie bila magadi. Mkihamia kwenye maji ya kisima kirefu, hasa upande wa Shinyanga, ulizeni maji hayo yamepimwa yakakutwa na floraidi kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Mwanangu wa miaka saba ana gego la mwisho chini limetoboka. Halijawahi kung'oka wala kutikisika, kwa hiyo ni la utoto. Nisubiri litoke? – Baba, Buswelu

Usisubiri, hilo ni la ukubwani. Gego la kwanza la ukubwani huota karibu na miaka 6, nyuma ya magego yote ya utoto, bila kung'oa jino lolote. Linaingia kimya, mzazi halijui, na juu yake lina mifereji ambayo ugali na biskuti hujificha. Mpeleke lizibwe sasa, kabla halijaanza kuuma. Likizibwa mapema anaweza kwenda nalo mpaka uzeeni. Yapo manne, chini mawili na juu mawili, kwa hiyo mwombe daktari ayatazame na hayo matatu, na kama bado ni mazima aseme kama mifereji yake inaweza kufunikwa. Mswaki wa usiku endelea kumpigia wewe mwaka huu, na kwa hayo ya nyuma uingize mswaki kwa upande, mdomo ukiwa umefumbwa nusu. Akiachama sana, shavu linabana na hufiki.