Kabla ya Kuchagua Lugha ya Programu, Jifunze Kuifuata Data

Karibu kila anayeanza kujifunza kuandika programu huniuliza kwanza aanze na lugha gani, na kwa miaka mingi jibu langu limekuwa lilelile: chukua Python au JavaScript, kaa nayo mwaka mzima, wala usiihame kwa sababu tu umesikia wengine wakiisifu nyingine. Swali ambalo ningependa zaidi kuulizwa, na ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulijua, ni namna ya kutambua thamani fulani iko wapi kwa sasa, imefikaje hapo, na ni sehemu gani ya programu yenye ruhusa ya kuibadilisha. Anayeweza kujibu hayo kuhusu programu ya mistari 20 atafika mahali pa kuyajibu kuhusu mfumo wenye seva kumi, yaani kompyuta kumi zinazohudumia nyingine, kwa kuwa swali ni lilelile, ila eneo la kutafuta limepanuka.

Nilipoanza, programu ikikataa nilikuwa naongeza moja hapa, naondoa alama pale, naiendesha tena, na kurudia hivyo mpaka itii. Siku moja nilikuwa na programu fupi ya kutafuta wastani wa alama tano: 40, 55, 60, 70 na 75. Jumla yake ni 300, hivyo wastani ni 60, lakini programu ilinipa 52, na nilihangaika nayo jioni nzima. Aliyekuwa akinifundisha hakuigusa kibodi. Alinipa karatasi, akaniambia nichore jedwali la safu tatu, ya kwanza ikiwa namba ya nafasi katika orodha, ya pili alama iliyosomwa, na ya tatu jumla baada ya kusoma, kisha nijifanye kompyuta na kutekeleza mstari mmoja baada ya mwingine bila kuruka wowote. Niliandika: nafasi 1, alama 55, jumla 55. Kalamu ilisimama hapohapo. Ile 40 haikuwahi kuingia kwenye hesabu, kwa sababu kitanzi changu, yaani sehemu ya programu inayojirudia, kilianzia nafasi ya 1 ilhali orodha za Python huhesabiwa kuanzia 0. Nilikuwa nimegawanya 260 kwa 5.

Jedwali hilo ndilo chombo cha kwanza ninachomkabidhi kila mgeni. Linachosha, na ndiyo maana wengi huliacha mapema, lakini linakulazimisha kuona kile ambacho programu inafanya badala ya kile ulichokusudia ifanye, na hitilafu karibu zote hukaa katika pengo lililo kati ya mambo hayo mawili. Baadaye utajifunza kutumia kitatuzi, yaani chombo kinachoisimamisha programu katikati na kukuonyesha vigeu vyake vyote (majina yanayoshikilia thamani), na utagundua kwamba kinakufanyia jedwali lilelile kwa haraka zaidi. Asiyewahi kulichora kwa mkono hukitazama kitatuzi bila kujua atafute nini. Ndivyo pia ilivyo kwa msimbo unaoandikiwa na chombo cha akili mnemba: utumie ukitaka, lakini ikiwa huwezi kuufuatilia mstari kwa mstari kwa thamani mbili tatu ulizochagua mwenyewe, basi bado si wako, na siku utakapoharibika hutakuwa na pa kuanzia.

Kuhusu ujumbe wa hitilafu nina machache ya kusema: usome wote. Katika Python anza na mstari wa mwisho, ambao hutaja aina ya kosa, kisha panda juu taratibu hadi ukutane na faili uliloliandika wewe.

Namba zinahitaji uangalifu wa pekee, maana tunadhani tunazijua. Iambie Python ijumlishe 0.1 na 0.2, nayo itakujibu 0.30000000000000004. Kompyuta haijakosea. Namba hizo huhifadhiwa kwa mfumo wa msingi wa mbili, wenye tarakimu 0 na 1 tu, kwa kanuni ya IEEE 754 iliyotolewa mwaka 1985, na katika msingi wa mbili 0.1 haina mwisho, kama vile theluthi moja isivyo na mwisho katika desimali zetu. Kwa sababu hiyo fedha huhifadhiwa kama namba kamili ya kipimo kidogo kabisa cha sarafu, au kwa aina maalumu ya desimali, na kamwe si kwa namba za aina hii.

Kila namba pia ina chombo chenye ukomo. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika katika safari yake ya kwanza, takriban sekunde 40 baada ya kuanza kuruka. Programu ya mfumo wa mwelekeo, iliyorithiwa kutoka Ariane 4, ilijaribu kuigeuza namba ya biti 64 (biti ni tarakimu moja ya 0 au 1) iliyohusu kasi ya mlalo iwe namba kamili ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Katika Ariane 4 kasi hiyo haikuwahi kufika huko. Ariane 5 ilikuwa na njia tofauti ya kupaa, ikapita. Kulikuwa na kompyuta ya akiba, lakini nayo iliendesha programu ileile, ikaanguka kwa sababu ileile. Nimeona wahandisi wenye uzoefu wakisahau jambo hili la mwisho: nakala ya pili hukukinga na chombo kinachoungua, haikukingi na fikra iliyokosewa, kwa sababu fikra hiyo imenakiliwa pia.

Algoriti, yaani hatua za kutatua tatizo, utazijifunza kwa utaratibu wake, na sitakuzuia hapo kwa muda mrefu. Inatosha kwanza uielewe tofauti moja kwa undani: katika orodha ya majina 1,000,000 iliyopangwa kwa alfabeti, kusoma jina moja moja kunaweza kuhitaji hatua 1,000,000, ilhali kwa kugawa orodha nusu kwa nusu utafika kwa hatua zisizozidi 20. Ukiihisi tofauti hiyo mwilini, utaelewa kwa nini hifadhidata, yaani ghala la data za programu, huwekewa faharasa, yaani orodha iliyopangwa ya kuharakisha utafutaji.

Sasa nije kwenye usanifu wa mifumo, ambako wageni wengi huanza kwa kuchora visanduku na mishale ya huduma kumi. Mimi nakusihi uanze na seva moja na hifadhidata moja, ambazo zinatosha kwa mifumo mingi kuliko watu wanavyodhani, kisha ujiulize: ukweli wa kila jambo umetunzwa wapi? Edgar Codd alipochapisha mwaka 1970 wazo la hifadhidata ya majedwali yanayohusiana, alitupa njia ya kuandika kila jambo mara moja tu na kulirejelea kutoka kwingine. Namba ya simu ya mteja ikiandikwa katika majedwali matatu, siku atakapoibadilisha utakuwa na namba mbili za zamani na moja mpya, na hakuna sehemu ya mfumo itakayokuambia ipi ni ya kuaminiwa. Wakati mwingine tunaweka nakala kwa makusudi ili isomwe haraka, na hilo linakubalika, mradi uweze kutamka ni ipi asili, ni ipi nakala, na nakala inaruhusiwa kuchelewa kwa muda gani.

Somo lililonigharimu zaidi lilihusu mtandao. Katika moja ya kazi zangu za mwanzo niliandika sehemu ya malipo, na mteja mmoja akakatwa fedha mara mbili kwa ununuzi mmoja. Nilipofungua kumbukumbu za seva, yaani rekodi za maombi yaliyoifikia, niliyaona maombi mawili yanayofanana kila herufi, lililofuata likiwa limekuja sekunde 30 baada ya lile la kwanza. Hifadhidata ilikuwa imeelemewa, na ombi la kwanza lilichukua sekunde 33 kukamilika. Programu ya simu, ambayo nami niliiandika, ilikuwa imeelekezwa kusubiri sekunde 30, kisha ihesabu kwamba ombi limeshindwa na kulituma tena. Kila upande ulifanya sawasawa na nilivyouagiza.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kutopata jibu maana yake ni kushindwa. Jibu lisipokuja, huenda ombi halikufika kabisa, huenda lilifika na kukwama, huenda bado linashughulikiwa, na huenda limekamilika vizuri lakini jibu likapotea njiani, na aliyetuma hana njia ya kuzitofautisha hali hizo kwa kusubiri tu. Dawa yake ni kwamba mtumaji aliundie kila kusudio la malipo namba ya pekee na kuihifadhi kabla ya kutuma, na kila anaporudia atume namba ileile. Seva nayo iandike namba hiyo katika safu isiyoruhusu kurudiwa, ndani ya muamala uleule wa hifadhidata unaokata fedha, ili yote yatokee pamoja au lisitokee lolote. Ombi la pili likifika, hifadhidata italikataa, na seva itarudisha matokeo ya lile la kwanza. Nisisitize neno "uleule", kwa sababu nilipofanya marekebisho mara ya kwanza nilikata fedha katika muamala mmoja na kuandika namba katika mwingine, nikabaki na tundu dogo katikati ambamo umeme ukikatika, tatizo linarudi.

Umbali nao ujifunze kuuhesabu. Kusoma thamani kutoka kumbukumbu ya kompyuta huchukua takriban nanosekunde 100, ilhali safari ya kwenda na kurudi kati ya mabara inaweza kuchukua milisekunde 150, yaani mara milioni moja na nusu ya hapo. Kitanzi kisicho na tatizo lolote kinaposoma kutoka kumbukumbu huwa mzigo mzito pale kila mzunguko wake unapouliza seva iliyo mbali, na ukikitazama kwa macho tu msimbo wake ni uleule.

Tunza kazi yako kwa Git, chombo kinachotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, tangu siku ya kwanza, hata ukiwa peke yako, na uhifadhi hatua ndogo ndogo zenye maelezo ya kwa nini, kwa kuwa kilichobadilika Git yenyewe itakuonyesha.

Kwa zoezi la kuanzia, tengeneza mfumo wa maktaba ndogo wenye vitabu, wasomaji na uazimaji. Azima kitabu kwa hatua mbili: kwanza punguza idadi ya nakala zilizopo, kisha andika jina la aliyeazima. Katikati ya hatua hizo weka mstari unaoizima programu kwa nguvu, uiendeshe, kisha ufungue hifadhidata na uandike kwenye karatasi kila jedwali linasema nini kuhusu kitabu hicho. Baada ya hapo ziweke hatua hizo mbili ndani ya muamala mmoja, uizime programu tena mahali palepale, na ulinganishe karatasi mbili ulizonazo.