Jibu: Mbona filamu za Hispania baada ya dikteta Franco zimejaa mapenzi?

Ndugu, umeuliza kama ilikuwa biashara tu. Biashara ilikuwepo: wimbi lile waliliita destape, yaani kufunua, na filamu nyingi zilikuwa uchi mtupu bila hadithi. Lakini kumbuka walikotoka. Enzi za Franco, Mogambo, filamu iliyopigwa huku kwetu Afrika Mashariki, iliingizwa sauti za Kihispania na mume na mke wakageuzwa kaka na dada, ili uzinzi usionekane. Wakaleta balaa kubwa zaidi: sasa kaka na dada ndio walioonekana kama wapenzi! Franco alifariki 1975, udhibiti wa filamu ukafutwa 1977.

Wewe anza na La ley del deseo (Sheria ya Matamanio) ya mwongozaji Almodóvar (1987). Tazama usiku ule wa joto kali Madrid: Tina, aliyezaliwa mwanamume, anamwomba mwosha barabara ammwagie maji. Mpira wa maji unamlowesha, gauni linamganda mwilini, naye anajiachia kwa raha zake, na hakuna wa kumwadhibu. Pale mimi machozi yalinitoka. Hadi mwishoni mwa miaka ya 70, sheria ya nchi ile iliwahesabu wapenzi wa jinsia moja kuwa hatari kwa jamii.