Usimwage sampuli kabla haijapoa

Juzi usiku nimepokea ujumbe inboksi kutoka kwa dada mmoja wa Tabora anayemalizia mastaz ya kemia, kaanza na shikamoo kaka halafu yaliyofuata ni machozi matupu. Ana kompaundi yake ya chuma, akiipima usumaku asubuhi inampa 2.6, akiipima saa nane mchana inampa 3.1, sampuli ile ile, mizani ile ile ya kupimia usumaku, na msimamizi wake kashamwambia hiyo ni chafu, katupe uanze upya. Anauliza abadilishe topiki au afanyeje.

Dada yangu usitupe. Nikamuuliza swali moja tu, wakati unaandika hizo namba uliandika na joto la chumba? Hakuandika. Maabara haina kiyoyozi, na hii ni Oktoba, watu wa Tabora mnaijua Oktoba yenu, asubuhi unajifunika khanga na mchana bati linalia.

Ngoja nieleze kwa wale ambao somo limewapita kushoto. Chuma chenye chaji mbili kina elektroni sita za kundi la d na obitali tano, yaani vyumba vya kuzipanga, na kikishazungukwa na ligandi sita, yaani vile vinavyokishika chuma pande zote, zile obitali zinagawanyika, tatu zinakuwa chini na mbili juu. Kukiwa na baridi elektroni zote sita zinabanana wawili wawili kwenye zile tatu za chini, hakuna iliyobaki peke yake, usumaku wake ni kama sifuri. Ukipasha, mbili zinaruka juu na sasa kuna nne zinazokaa peke yake, usumaku kwa hesabu unafika 4.9. Ni kama watoto nyumbani, baridi ya Julai wanalala wamebanana, likija joto kila mmoja anavuta mkeka wake pembeni. Na sio maneno tu, kile kifungo kati ya chuma na naitrojeni ya ligandi kinarefuka kweli, kutoka kama angstromu 2.0 hadi 2.2 (angstromu ni kipimo cha urefu mdogo sana), molekuli inavimba, inapata nafasi ya kutikisika, na joto siku zote linapendelea upande wenye vurugu nyingi. Cambi na Szegö waliliona jambo hili Italia tangu 1931, wao kwenye chuma chenye chaji tatu. Kwa hiyo namba iliyosimama katikati ya sifuri na 4.9 inaweza kuwa uchafu ndio, lakini inaweza pia kuwa molekuli nyingine zimeshavuka na nyingine bado, na ikiwa inapanda na jua na kushuka na jua mimi nasema ni hiyo ya pili.

Nayajua haya kwa uchungu. Mimi ni mtoto wa Mwanga, Kigoma, mama yangu katusomesha kwa mawese. Nilipofika mastaz nikapewa kazi ya kutengeneza kompaundi za chuma na triazoli, ligandi yenye naitrojeni, unachanganya, unatia vitamini C kidogo ili chuma kisipate kutu, unachuja, unapata unga wa zambarau mzuri mpaka unatamani kumwonyesha mtu. Nikauweka ovena nyuzi 120 ukauke. Nakuja kufungua, mweupe kama unga wa muhogo. Nikajua nimeunguza, nikamwaga ungali wa moto. Nikarudia, mweupe, nikamwaga. Mara ya tatu vile vile. Kwenye vitabu nilikuwa nimesoma ile kompaundi ya chuma na fenanthrolini, ligandi nyingine, inayovuka kwenye nyuzi 97 chini ya sifuri, basi kichwani nikaweka kwamba mambo haya ni ya naitrojeni ya maji tu, ile ya kupozea vitu baridi kali, kwenye ovena hayapo.

Siku ya semina nikasema ukweli kwamba sampuli zinaungua. Msimamizi akanigeukia mbele ya darasa zima akasema ndio shida ya kuchukua watu wa mwisho wa reli. Watu wakacheka. Miaka imepita, nina familia, lakini lile neno bado lipo kifuani, siwezi kudanganya.

Mara ya nne nimefungua ovena nimeona weupe, nanyoosha mkono nitoe, umeme ukakatika. Giza. Nikaacha nikaenda kulala nimekata tamaa kabisa. Asubuhi nafungua, unga ni wa zambarau.

Nilikaa chini sakafuni. Nikakumbuka asubuhi za Juni nyumbani, dumu la lita 20 mawese yamekuwa mazito yameweka chengachenga chini, mimi mdogo nalia mama mali imeharibika, naye analisogeza dumu juani anasema hayajaharibika mwanangu, yamelala. Mtoto wa muuza mawese, nimemwaga mara tatu kitu kilichokuwa kimelala tu!

Nikaanza upya na kipimajoto. Rangi ndiyo ilikuwa inaniambia, zambarau elektroni zimebanana, mweupe zimeruka juu. Wakati wa kupanda unga uligeuka mweupe karibu na nyuzi 110, wakati wa kushuka haukurudi zambarau mpaka karibu na 70. Katikati hapo, kwenye 90, unaweza kukuta mweupe au zambarau kutegemea umetokea wapi, kwa sababu kwenye unga ule molekuli zimeshikana mnyororo, mmoja akivimba anamsukuma jirani. Niliipima siku mbili bila kulala. Ndiyo iliyonipa digrii, na radhi sikuombwa mpaka leo.

Sasa wadogo zangu mnaohangaika na chuma nisikilizeni. Andika joto, kila namba iandikiwe joto pembeni, namba ya usumaku isiyo na joto ni nusu ya namba. Ukipasha, poza, halafu angalia tena. Ikigeuka rangi usimwage, ipoze kwanza, ikirudi rangi yake haijaungua, isiporudi ikabaki kahawia kama kutu hapo ndio umepoteza, chuma kimepigwa na hewa. Na usikubali mtu akuambie kitu chako ni kichafu wakati hajakipima kikiwa baridi na kikiwa moto, hata kama ana cheo gani, mheshimu, muamkie, lakini rudi maabara ukapime. Tunatupa sana vitu nchi hii kwa sababu mkubwa kasema.

Yule dada nilimwambia asikimbilie mizani, aanze na macho. Jana kanunua barafu ya mifuko, katumbukiza testi tyubu iliyofungwa vizuri, akaniletea picha, unga umekoza. Akaihamishia kwenye maji ya moto, picha ya pili, umepauka. Akarudisha kwenye barafu, umekoza tena. Leo anapima usumaku kila baada ya nyuzi tano, kupanda na kushuka, na safari hii kipimajoto kimefungwa na uzi pale pale kwenye mizani.