Sanamu za Budha za Patan: mmeuliza, najibu

Juzi niligusia mafundi wa Patan, huko Nepal, mji uko pua na mdomo na Kathmandu, basi maswali yakamiminika. Twende.

*Mbona kasanamu ka sentimita 20 bei ya ng'ombe, na mtandaoni nakaona kwa elfu hamsini?*

Hako ka elfu hamsini mara nyingi ni resini tu mzee, yaani kama plastiki. Wa Patan, hasa zile familia za Kinewari (wenyeji wa bonde la Kathmandu) za ukoo wa kina Shakya, wanaanza na nta, wanachonga mpaka kucha za vidole, halafu wanaipaka udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, tabaka juu ya tabaka, kila moja lisubiriwe likauke, na msimu wa mvua ndo balaa. Kisha moto, nta inayeyuka inatoka yote, wanamimina shaba, na hilo kalibu la udongo linavunjwa. Linavunjwa kabisa, yaani ukitaka ya pili unaanza na nta upya! Bado tindo sasa. Nilimkuta kijana anachonga maua ya pindo la joho, sehemu kama kiberiti hivi, nimetoka kula nimerudi yuko palepale.

*Nimeusugua uso kwa dawa ya kung'arishia shaba, umefutika. Nimeuziwa feki?*

Hapana dada, pole sana. Mwilini dhahabu huchanganywa na zebaki, inapakwa, zebaki inachomwa inapaa, dhahabu inabaki imeng'ang'ania (na huo moshi ni sumu, hapo mimi roho inaniuma kwa wale mafundi). Usoni ni unga wa dhahabu na gundi, unapakwa kwa brashi bila moto, ndo maana hauwaki kama mwili. Macho yanachorwa mwishoni. Futa vumbi na brashi laini kavu, basi.

*Nitajuaje ni nani?*

Angalia mikono na miguu. Mkono wa kulia unagusa ardhi, huyo mara nyingi ni Shakyamuni, yaani Budha mwenyewe wa kihistoria, anaiita ardhi imshuhudie. Tara wa Kijani, mtakatifu wa kike wa Kibudha, kauteremsha mguu wa kulia, kama mtu anayetaka kuinuka aje kukusaidia.

*Chini kuna kifuniko cha shaba, nifungue?*

Usithubutu! Kama imeshabarikiwa, ndani kuna karatasi za mantra (maneno matakatifu ya sala) zimeviringishwa, na ubani.

*Naiweka wapi?*

Juu, isiwe sakafuni wala upande unaonyooshea miguu ukilala. Wabudha wa Kitibeti wanapanga mbele yake bakuli saba za maji, asubuhi wanajaza, jioni wanamwaga.

*Niko Dar, naweza kuona kwanza?*

Hekalu la Wasinhala lipo Upanga, ila wao ni wa mkondo wa Sri Lanka, kwa hiyo Tara usimtafute pale.

*Nikinunua Nepal, airport hawanisumbui?*

Dai cheti cha Idara ya Akiolojia, wauzaji wengi wanakishughulikia wenyewe kwa niaba yako. Kitu cha zaidi ya miaka 100 hakiruhusiwi kutoka nchini, kwa hiyo muuzaji akikunong'oneza "hii ya kale hii, miaka mia mbili", ama anakupiga ama anakuuzia cha wizi.